César Franck, mpiga kinanda wa Sainte-Clotilde: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila kwaya inapoanza kujifunza Panis angelicus, wimbo wa komunyo wa César Franck, maswali huja. Wanakwaya hutaka kujua aliyeutunga wimbo huo ni nani. Maswali yanayonigusa zaidi hutoka kwa vijana wanaopiga kinanda kanisani Jumapili na kufundisha piano nyumba kwa nyumba siku za kazi. Wao huuliza kama maisha ya namna hiyo yanaweza kuzaa muziki mkubwa. Franck aliishi hivyo hivyo kwa zaidi ya miaka 40, na kwa maoni yangu muziki wake mkubwa ulitokana na kazi hizo za kila siku. Nimekusanya hapa majibu ninayoyatoa mara nyingi.

César Franck alikuwa nani?

Alizaliwa Liège tarehe 10 Desemba 1822, kabla Ubelgiji haijawa nchi, akafariki Paris tarehe 8 Novemba 1890. Alikuwa mpiga piano, mpiga kinanda wa kanisa, mwalimu na mtunzi. Wengi wetu tunamfahamu kwa wimbo mmoja tu wa komunyo, lakini aliacha pia simfonia moja, sonata ya fidla na piano, kwinteti ya piano na nyuzi, kwarteti ya nyuzi, vipande vikubwa vya piano na vipande 12 vya kinanda cha mabomba. Wapiga kinanda duniani kote hujifunza vipande hivyo 12 mpaka leo.

Alianza na piano au na kinanda?

Alianza na piano, na si kwa kupenda kwake. Baba yake, Nicolas-Joseph, alitaka mtoto awe nyota wa majukwaani kama Franz Liszt, mpiga piano maarufu wa wakati ule, alete jina na fedha nyumbani. Mdogo wake Joseph alipiga fidla, na baba akawatembeza wote wawili katika miji ya Ubelgiji. Kisha familia ikahamia Paris, na mwaka 1837 César akaingia Conservatoire, chuo cha taifa cha muziki.

Kuna kisa cha mwaka 1838 ambacho kila mpiga kinanda wa kanisa atakielewa. Kwenye mashindano ya piano aliwekewa karatasi asiyowahi kuiona aisome papo hapo. Yeye akaisoma na wakati huohuo akaihamishia ufunguo wa chini, umbali wa nota tatu, bila kuambiwa na mtu. Majaji walishindwa kumpanga pamoja na wenzake, wakampa tuzo ya heshima ya peke yake. Mtu aliyewahi kuambiwa na padre “shusha kidogo” wakati bwana arusi yuko mlangoni anajua ujuzi huo una thamani gani.

Kwa nini basi hakuwa nyota wa piano?

Baba alimtoa Conservatoire mwaka 1842 kabla hajamaliza, ili afanye matamasha. Kijana alipiga, akatunga vipande vya kuonyesha wepesi wa vidole, akachoka. Oratorio yake ya Ruth, kisa cha Biblia cha kuimbwa na okestra bila maigizo, ilichezwa mwaka 1846 na ikapokelewa kwa ubaridi. Mwaka huohuo aliondoka nyumbani kwa baba yake, akaanza kujitegemea kwa kufundisha na kusindikiza waimbaji.

Tarehe 22 Februari 1848 alimwoa Félicité Saillot Desmousseaux, binti wa familia ya waigizaji, katika kanisa la Notre-Dame-de-Lorette alikokuwa msaidizi wa mpiga kinanda. Siku hizo mapinduzi yalikuwa yamewaka Paris, na inasimuliwa kwamba maharusi walivushwa juu ya vizuizi vya barabarani kwa msaada wa waasi wenyewe.

Sainte-Clotilde ilikuwa kazi ya aina gani?

Alipita kwanza katika parokia ndogo ya Saint-Jean-Saint-François, ambako mwaka 1853 alikuta kinanda kipya cha fundi Aristide Cavaillé-Coll. Mwaka 1858 akaenda kanisa la Sainte-Clotilde, Paris, kuongoza muziki wa kanisa, na tarehe 19 Desemba 1859 kinanda kikubwa cha fundi yuleyule kikazinduliwa huko. Kilikuwa na ngazi tatu za vibao vya mikono, pedali za miguu na rejista 46. Franck alikaa nacho mpaka kufa, miaka 31.

Kwa msomaji ambaye hajakaa mbele ya kinanda cha mabomba: rejista ni safu ya mabomba yenye rangi moja ya sauti. Unazifungua na kuzifunga kwa kuvuta vishikio. Cavaillé-Coll alitengeneza sauti zinazokaribia filimbi, obo, tarumbeta na nyuzi za okestra. Tena aliweka ngazi moja ya mabomba ndani ya sanduku kubwa la mbao lenye vipande vinavyofunguka na kufungika kwa mguu, ili sauti ikue na kufifia polepole. Vinanda vingi vya kale havikuweza kupumua hivyo. Ukisikiliza muziki wa Franck ukaona unapanda taratibu, unajaa, kisha unarudi kuwa mnong’ono, jua kwamba kinanda hicho kilimfundisha mengi.

Sehemu kubwa ya alichopiga pale haikuandikwa. Alitunga papo hapo kufuata ibada: padre akichelewa anarefusha, maandamano yakifika anafunga. Wanafunzi na marafiki walipanda ngazi hadi ghorofa ya kinanda ili wamsikilize tu. Liszt alifika mwaka 1866, na inasimuliwa kwamba alishuka akimlinganisha na Bach. Katika hayo yote, yaliyobaki kwenye karatasi kutoka miaka hiyo ni Six pièces, vipande sita vilivyochapishwa mwaka 1868.

Kanisa lilimlipa vya kutosha kuishi?

Hapana. Alifundisha. Mchana kutwa alizunguka Paris kwa miguu na kwa magari ya farasi, kutoka shule moja ya Kikatoliki hadi nyingine, na katika nyumba za watu, akiwafundisha piano watoto ambao wengi wao hawakuwa na nia ya kuwa wanamuziki. Jioni alipokea wanafunzi nyumbani.

Ratiba yake ndiyo jambo ninalolitaja kwa kila kijana anayeniuliza. Aliamka alfajiri, kama saa kumi na moja na nusu, na saa mbili za kwanza zilikuwa za kutunga na kusoma. Baada ya hapo ndipo alipokunywa kifungua kinywa na kutoka kwenda kufundisha. Hakungoja likizo wala mfadhili. Kazi ndefu alizipatia nafasi kipindi cha kiangazi shule zinapofungwa, kisha mwaka mzima uliofuata akazisafisha katika zile saa mbili. Oratorio yake Les Béatitudes, juu ya Heri Nane, ilimchukua kama miaka kumi, kuanzia 1869 hadi 1879, kwa mwendo huohuo.

Panis angelicus aliutungaje, na sisi tuuimbeje?

Maneno ni ya zamani zaidi kuliko muziki. Ni beti mbili za mwisho za Sacris solemniis, utenzi ambao Mtakatifu Thoma wa Akwino aliuandika katika karne ya 13 kwa ajili ya sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo. Franck alikuwa na misa yake ya sauti tatu ya mwaka 1861, na mwaka 1872 aliingiza ndani yake wimbo huu wa mwimbaji mmoja wa sauti ya tena (sauti ya juu ya kiume) akisindikizwa na kinanda, kinubi, chelo na kontrabesi. Kwa hiyo haukuanza kama wimbo wa kwaya ya sauti nne. Nakala tunazoimba ni mipangilio iliyofanywa baadaye, na ndiyo maana nakala ya parokia yako na ya jirani hazilingani.

Ufunguo wa asili ni A, do ikiwa A. Kwaya nyingi huushusha hadi G, nami naona ni sawa kabisa; waimbaji wa kwanza wakikaza koo, wimbo wote unageuka kelele. Mwendo ni wa polepole kidogo. Usiukokote. Jaribu kuimba mstari wa kwanza wote kwa pumzi moja, na ukishindwa, mwendo wako ni wa polepole mno.

Kuhusu matamshi, Kilatini cha kanisa kinasema “anjelikus” na “chelikus”. Nimesikia kwaya nzuri sana zikiharibu mstari wa kwanza kwa “g” ngumu.

Wimbo ukirudi mara ya pili, sauti ya pili inaingia nyuma ya ile ya kwanza, ikirudia wimbo uleule wakati wa kwanza bado anaendelea. Hapo ndipo kwaya nyingi hupotea, kwa sababu kila upande unataka kusikika kuliko mwenzake. Wafundishe wanaofuata waimbe kwa sauti ndogo kuliko wanaotangulia, na wasikilizane. Franck aliandika jambo gumu, sauti mbili kufuatana bila kugongana, likasikika jepesi kiasi kwamba watoto wa komunyo ya kwanza wanalifuata. Na maneno yanayojirudia mwishoni, pauper, servus et humilis, yaani maskini, mtumishi na mnyonge, yasipigiwe mayowe. Mnyonge aliyetajwa hapo ndiye anayeupokea Mwili wa Bwana.

Alikuwaje profesa, na darasani alifundisha nini?

Mwaka 1872 François Benoist alistaafu ualimu wa kinanda katika Conservatoire ya Paris, na nafasi akapewa Franck, mwenye karibu miaka 50. Kisha ikagundulika kwamba kisheria si Mfaransa, ikabidi aombe uraia, akaupata mwaka 1873.

Mtihani wa darasa lile ulikuwa na mambo manne. Mwanafunzi alipiga kipande kimoja kwa kichwa, mara nyingi cha Bach. Alisindikiza wimbo wa Kigregori aliopewa. Alitunga papo hapo fuga, yaani kipande ambamo sauti huingia moja baada ya nyingine na wazo lilelile. Na alitunga kipande huru papo hapo juu ya wazo alilopewa palepale. Yaani matatu kati ya manne ni ya kubuni papo hapo. Franck aliyatumia masaa yake mengi hapo, hata baadhi ya wanafunzi walihisi ufundi wa vidole na miguu unaachwa nyuma.

Nasema hili kwa sababu sisi tuna aibu isiyo na msingi. Mpiga kinanda wa kijijini anayeshika wimbo kwa sikio na kuutafutia kordi anajiona hajasoma, na aliyesoma nota peke yake anamdharau. Katika chuo kikubwa cha Ufaransa, kusindikiza bila karatasi kulikuwa ndiyo moyo wa somo. Kinachotakiwa ni kuongeza elimu juu ya kipaji hicho: ujue besi inakwenda wapi, ujue kubadilisha ufunguo bila kurukaruka, ujue kumaliza.

Watunzi vijana walianza kuja katika darasa la kinanda kujifunza utunzi, jambo lililowaudhi maprofesa wa utunzi wenyewe. Vincent d’Indy, Henri Duparc na Ernest Chausson ni kati ya waliomzunguka. Gabriel Pierné alirithi kinanda cha Sainte-Clotilde, na baada yake mwanafunzi mwingine, Charles Tournemire, mwaka 1898.

Ni kweli alifundisha watu wasioona?

Ndiyo. Paris ilikuwa na taasisi ya taifa ya vijana wasioona, ileile ya Louis Braille, ambaye mwenyewe alikuwa mpiga kinanda wa kanisa. Franck aliitembelea kama mtahini, na akaandaa alama za kuonyesha kidole au mguu wa kutumia katika vipande vya Bach vilivyochapishwa kwa maandishi ya nukta nundu. Adolphe Marty, asiyeona, alipata tuzo ya kwanza katika darasa la Franck mwaka 1886. Louis Vierne, aliyezaliwa akiona kwa shida sana, alijiunga na darasa Oktoba 1890, majuma machache tu kabla mwalimu hajafa. Vierne alikuja kuwa mpiga kinanda wa Notre-Dame ya Paris tangu mwaka 1900 hadi alipofia palepale kwenye kinanda mwaka 1937.

Kama katika parokia yako yuko kijana asiyeona mwenye sikio, mkalishe kwenye kinanda. Njia ilishafunguliwa zamani.

Wenzake walimheshimu?

Wanafunzi walimpenda kama baba. Wakubwa wenzake si wote. Kwinteti yake ilipopigwa mara ya kwanza Januari 1880, mtunzi Camille Saint-Saëns ndiye aliyekuwa kwenye piano. Baada ya nota ya mwisho Franck alimwendea amkabidhi mwandiko wenyewe kama zawadi, naye Saint-Saëns akaondoka akauacha juu ya piano. Simfonia yake ilichezwa tarehe 17 Februari 1889 na wengi hawakuipenda. Alipofika nyumbani wakamuuliza ilikuwaje, alijibu kwa furaha kwamba ilisikika kama alivyotarajia.

Sidhani alikuwa mtu asiyeumia. Nadhani saa mbili za alfajiri zilimpa kitu ambacho ukumbi haukuweza kumnyang’anya.

Mbona kazi zake kubwa karibu zote ni za uzeeni?

Kwinteti aliimaliza akiwa na miaka 56. Prélude, choral et fugue ya piano ni ya 1884, sonata ya fidla ya 1886, simfonia aliimaliza 1888, kwarteti 1890. Wengine husema alichelewa. Mimi naona alikuwa bado anajifunza, na somo lenyewe lilikuwa kazi yake ya kila wiki. Chukua sonata ya fidla, aliyomtunukia mpiga fidla Eugène Ysaÿe siku ya harusi yake Septemba 1886. Sehemu ya nne inaanza na piano, na baada ya kipimo kimoja (bar) fidla inaingia na wimbo uleule, zikifuatana. Ni ufundi uleule wa ubeti wa pili wa Panis angelicus, uliokuwa umekomazwa kwa miaka mingine 14 ya ibada na madarasa ya fuga.

Sonata hiyo ilipopigwa hadharani Brussels mwezi Desemba mwaka huohuo, ilikuwa ndani ya jumba la makumbusho ya picha za kuchora ambako taa hazikuruhusiwa. Giza likaingia katikati. Ysaÿe na mpiga piano Léontine Bordes-Pène wakaendelea kwa kichwa hadi nota ya mwisho.

Kwarteti ilipigwa Aprili 1890 na ukumbi ukasimama kumshangilia. Alikuwa na miaka 67, na hayo yalikuwa mapokezi yake makubwa ya kwanza.

Alikufaje?

Mwaka 1890 alipata ajali ya gari la farasi barabarani Paris. Aliendelea kufanya kazi, na mwishoni mwa kiangazi akakamilisha Trois chorals, vipande vitatu vya kinanda ambavyo wengi tunaviona kuwa kilele chake. Vuli ikamletea ugonjwa wa kifua, akafariki tarehe 8 Novemba. Ibada ya mazishi ilifanyika Sainte-Clotilde, na kaburini alizungumza mtunzi Emmanuel Chabrier. Mwili wake sasa uko katika makaburi ya Montparnasse, Paris.

Vidole vyangu ni vifupi. Naweza kupiga Franck?

Mikono yake ilikuwa mikubwa, na aliandika kana kwamba ya kila mtu ni hivyo. Utakutana na umbali wa nota kumi katika mkono mmoja. Kwenye piano, vunja kordi kuanzia chini kwenda juu, haraka, na pedali ishike nota ya besi. Kwenye kinanda chenye pedali za miguu, ipe miguu besi hiyo. Ukilazimika kuacha nota, acha ya katikati inayojirudia. Usiguse ya juu wala ya chini, maana wimbo na msingi viko huko.

Anayetoka kwenye piano azoee pia kwamba kinanda hunyamaza mara tu kidole kinapoinuka. Franck anataka nota ziunganike. Jifunze kubadilisha kidole juu ya nota moja bila kuiachia: bonyeza kwa cha tatu, weka cha tano, toa cha tatu. Fanya kwa mstari mmoja wa tenzi kila siku, polepole sana.

Parokia yetu haina kinanda cha mabomba. Nianze na nini?

Anza na L’Organiste. Ni vipande 59 vifupi ambavyo Franck aliviandika katika miaka yake ya mwisho kwa ajili ya harmoniamu, kinanda cha kukanyaga upepo kilichokuwa katika makanisa madogo. Havihitaji pedali za miguu. Vimepangwa kwa funguo, saba saba, na vingine havifiki hata ukurasa mmoja. Kifo kilimkuta hajaumaliza mkusanyiko huo. Mtunzi mkubwa wa Paris alitumia nguvu zake za mwisho kumwandikia mpiga kinanda wa parokia isiyo na fedha, yaani mtu kama wewe.

Kwa kinanda cha umeme, chagua sauti ya filimbi ya ogani isiyo na mtetemo, zima midundo yote, na tumia pedali ya kuongeza na kupunguza sauti badala ya kubonyeza vibao kwa nguvu. Kundi la kwanza ni la ufunguo wa C. Chukua kipande kimoja, kipige wakati waamini wanarudi kwenye mabenchi baada ya komunyo, na kama padre bado anasafisha vyombo, rudia mistari minne ya mwisho kwa sauti ndogo zaidi mpaka amalize.